Sugu ya kidole na sugu ya dokta

Kwenye kidole changu cha kati cha mkono wa kulia, pale pembeni karibu na kucha, nilikuwa na kinundu kigumu nilichoishi nacho tangu darasa la pili huko, kimetokana na kushika kalamu kwa kuibana kama vile inataka kutoroka. Ukikibonyeza hakiumi, ukikigusa na ncha ya pini hakishtuki. Hiyo ndo sugu. Neno nililijua kabla sijajua kusoma, na mpaka mwaka juzi ningekuapia kabisa kwamba nalijua lote.

Sasa mwaka juzi jamaa yangu mmoja akapimwa akaambiwa ana kifua kikuu sugu. Akanipigia simu, na hakuwa na huzuni, alikuwa na hasira. "Huyu dokta hajanisikiliza hata kidogo, nimemwambia nimeanza kukohoa mwezi uliopita tu, yeye ananiambia sugu. Sugu ya wapi? Sugu si mpaka ugonjwa ukae mwilini miaka?" Na mimi, kwa ule ujuaji wangu, nikamsahihisha palepale, nikamwambia hapana bwana, sugu maana yake umemeza dawa nyingi mpaka mwili wako umezizoea. Akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza, "Dawa zipi? Mimi sijawahi kuugua kifua kikuu maishani mwangu."

Nikabaki sina jibu. Watu wawili wazima, Kiswahili tumenyonya nacho, neno la silabi mbili, na wote tumelikosea, tena kila mtu kwa njia yake.

Alichokuwa anasema dokta ni kitu cha tatu kabisa. Kifua kikuu sugu, kwa lugha yao, ni kile ambacho bakteria wenyewe hawafi kwa zile dawa mbili kubwa, isoniazidi na rifampisini. Hakisemi umeugua muda gani. Hakisemi kitu chochote kuhusu mwili wako. Unaweza ukawa hujawahi kumeza kidonge hata kimoja, ukakaa chumba kimoja na mtu anayekohoa bakteria ambao tayari ni sugu, ukavuta hewa ile, ukaanza kuumwa kwa mara ya kwanza katika maisha yako na ugonjwa ulio sugu tangu siku ya kwanza.

Kilichoniuma baadaye ni hiki: dokta angetamka neno moja refu la kigeni, tungeuliza. Mtu ukisikia "isoniazidi" unasema samahani dokta, hiyo ni nini. Lakini ukisikia "sugu" unatikisa kichwa, unasema sawa, unaondoka. Maneno magumu yana heshima yake, yanabisha hodi kabla ya kuingia. Haya ya nyumbani yanapita tu mlangoni kwa sababu sura yao unaijua, wewe hujui kwamba huko walikokuwa wamebadilishwa kazi.

Basi nikaanza kulifuatilia hili neno, na nikwambie ukweli, lina safari.

Mwanzo kuna kusugua. Unasugua sakafu, unasugua mgongo, kiatu kinakusugua kisigino. Ngozi ikisuguliwa kila siku mahali palepale haikai kimya, inaongeza tabaka la seli zilizokufa mpaka inakuwa nene na ngumu. Hiyo ni sugu ya kwanza, ya kisigino, ya kiganja cha mtu wa jembe, ya kidole changu. Kutoka hapo neno likapanda kutoka kwenye ngozi likaingia kwenye tabia. Mwizi sugu. Mdaiwa sugu. Mlevi sugu. Yaani mtu ambaye ameshasemwa, ameshaonywa, ameshafungwa, na yote hayo yamempitia juu juu kama kiatu kinavyopita juu ya kisigino kigumu. Hapa angalia vizuri, kwa sababu neno limeshabeba mzigo mpya: lawama. Sugu ya kisigino haina kosa, ila mdaiwa sugu ana kosa, alikataa kusikia.

Alafu madaktari wakalichukua, wakalitumia mara mbili, kwa vitu viwili ambavyo havihusiani.

Mara ya kwanza wakalifanya neno la kalenda. Ugonjwa sugu ni ugonjwa unaokaa. Ndo basi, ni muda tu. Kikohozi cha mtu mzima kikizidi wiki 8 kinaitwa sugu, maumivu yakizidi miezi 3 yanaitwa sugu, homa ya ini B kirusi kikionekana bado kipo kwenye damu baada ya miezi 6 inaitwa sugu. Hakuna mahali kwenye hesabu hiyo panaposema ni mbaya kiasi gani. Presha ya kupanda ni ugonjwa sugu na unaweza kutembea nayo miaka bila kuisikia hata kidogo, wakati kiharusi kilichompiga mtu leo asubuhi akaanguka sio sugu, kina masaa mawili tu. Mtaani lakini tunasikia kinyume chake. Tukiambiwa "sugu" tunasikia "mbaya sana", "umeshindikana", na wengine wanasikia ile lawama ya mdaiwa: ulikuwa wapi siku zote, hukutibiwa mapema, umeuachia.

Na hiyo lawama mara nyingi haina msingi. Chukua hiyohiyo homa ya ini B. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida unapambana na kirusi mpaka unakimaliza, chini ya 5 katika kila 100 ndo wanabaki nacho. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 95 katika kila 100 wanabaki nacho, inakuwa sugu. Sababu ni umri wa ile kinga, bado changa, haijajifunza kumtambua adui. Sasa niambie huyo mtoto wa siku mbili alikataa ushauri wa nani.

Mara ya pili ndo ile ya jamaa yangu: usugu wa dawa. Hapa ndo pameninyima usingizi, kwa sababu humu ndani neno halikuficha maana tu, limebeba picha nzima, na picha yenyewe ina kasoro.

Fikiria tena kisigino. Kiatu kinasugua, ngozi ileile inakuwa ngumu. Msuguano ndo uliosababisha ugumu. Bila kiatu, hakuna sugu. Kwa hiyo ukisikia "bakteria sugu" kichwani kwako moja kwa moja unaona bakteria mmoja anapigwa na dawa leo, anapigwa kesho, anavimba ngozi, mpaka siku moja dawa inampiga yeye anacheka. Mimi ndo hivyo nilikuwa naona. Sio mimi peke yangu maana wanasayansi wenyewe walibishana juu ya jambo hili hili: je, dawa ndo inayomfanya bakteria awe sugu, au dawa inamkuta tayari yuko hivyo?

Jibu lilianzia kwenye kamari, na hii stori naipenda sana. Salvador Luria, mwanabiolojia Mwitaliano aliyekuwa amekimbilia Marekani, alikuwa kwenye sherehe ya wahadhiri wa chuo kikuu cha Indiana, anamwangalia mwenzake anatumbukiza sarafu kwenye mashine ya kamari. Mashine inameza, inameza, inameza, alafu ghafla inatapika sarafu nyingi kwa mpigo. Luria akaona jibu lake pale. Akaotesha bakteria kwenye mirija mingi midogo iliyotengana, kila mmoja umeanza na bakteria wachache, kisha akawamwagia virusi wanaoua bakteria, akahesabu waliosalimika. Hesabu yake ilikuwa hivi: kama bakteria anakuwa sugu kwa kuguswa na adui, basi kila mrija utatoa idadi inayokaribiana, maana wote wameguswa sawa. Lakini kama usugu unatokea kwa bahati, kabla adui hajafika, wakati bakteria wanazaliana, basi mrija ambao bahati hiyo imetokea mapema utakuwa na ukoo mzima wa watoto na wajukuu sugu, na mrija ambao haikutokea utakuwa mtupu. Alichokuta ni mashine ya kamari. Mirija mingi hakuna kitu au wachache tu, alafu mrija mmoja unakuta zaidi ya mia. Yeye na Max Delbrück, Mjerumani ndo alisimamia ile hisabati, wakachapisha mwaka 1943.

Bado kuna waliosema hiyo ni hesabu tu, tuonyesheni kwa macho. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg, mume na mke, wanasayansi wa Marekani, wakaonyesha, na kifaa chao kilikuwa kitambaa cha mahameli. Wanaotesha bakteria kwenye kisahani mpaka wanatoa madoa madoa, wanakandamiza mahameli juu yake, vile vinyweleo vya kitambaa vinabeba bakteria kidogo kutoka kila doa, kisha wanagonga kitambaa kwenye visahani vingine vyenye dawa ya streptomaisini, kama mtu anayegonga muhuri. Karibu wote wanakufa. Wanaobaki, wanabaki sehemu ileile kwenye kila kisahani. Sasa rudi kwenye kisahani cha kwanza, kile ambacho hakijawahi kuonja dawa hata tone, chota bakteria kutoka sehemu hiyohiyo: humo ndo wamo sugu. Walikuwepo tayari. Dawa haikuwatengeneza, iliwaondolea majirani.

Nilipolielewa hilo nilikaa kitako. Sio ngozi inayokuwa ngumu. Ni umati ambao wengi wamekufa wakabaki wachache ambao tangu zamani walikuwa tofauti, na hao wachache wakazaana. Bakteria wengine wakipata mazingira mazuri wanagawanyika kila dakika 20, kwa hiyo kuzaana sio tatizo kwao. Tena wana jambo lingine ambalo kisigino hakiwezi kabisa: wanapeana. Kuna vipande vidogo vya DNA vinaitwa plasmidi, bakteria mmoja anampa mwenzake, hata wa aina nyingine, na ndani yake kumeandikwa namna ya kuivunja dawa. Hebu fikiria ungekuwa unampa mtu mkono na yeye anaondoka na sugu yako.

Na hii tofauti ya picha sio ya kufurahisha wasomi tu, ina kazi. Miaka ya 1940 streptomaisini ilipoanza kutumika kwa kifua kikuu peke yake, wagonjwa walipata nafuu ya ajabu, alafu baada ya miezi wengi wakarudi kuumwa na dawa haifanyi tena kitu. Ukiamini picha ya kisigino utasema basi tupunguze dozi, tusimsugue sana bakteria. Ukiamini picha ya mahameli unafanya hesabu. Kati ya bakteria wa kifua kikuu kama milioni 1, kwa makadirio mmoja hivi anakuwa tayari haogopi isoniazidi. Kwa rifampisini ni mmoja katika milioni 100. Wa kukwepa zote mbili kwa mpigo inabidi uzidishe hizo namba, unapata idadi kubwa kuliko bakteria wote walioko kwenye mapafu ya mgonjwa. Ndo maana kifua kikuu cha kawaida unaanza na dawa nne kwa pamoja miezi 2, alafu mbili miezi 4, na ndo maana nesi anakukazania umalize. Yule aliyekwepa dawa hii ashikwe na ile.

Niseme na haki ya neno lenyewe sasa, maana nimelisema vibaya sana. Kuna mahali ambapo sugu ya kisigino ni picha sahihi kabisa. Mtu anayepewa mofini kwa maumivu makali kwa muda mrefu, mwili wake kweli unaizoea, dozi ya mwanzo haitoshi tena, seli zenyewe zilezile zimebadilika kwa kuguswaguswa. Pale ningeelewa mtu akisema mwili umekuwa sugu. Ajabu ni kwamba pale ambapo neno lingekaa vizuri ndo wataalamu hawalitumii, wanasema mwili umezoea au kitu kama hicho, na pale ambapo linapotosha ndo wameligandisha kwenye mabango.

Baada ya hapo nikawa kama nimeambukizwa, kila neno la kawaida kwenye mdomo wa mtaalamu nalitilia shaka. Chanya na hasi, kwa mfano, haya kila mtu ameshagongana nayo: majibu yako ni hasi, mtu anaanza kulia, kumbe hasi maana yake walichokuwa wanakitafuta hakipo, nenda nyumbani kafurahi. Mashine haina maoni kuhusu maisha yako. Haya majina hayakuwa na hukumu hata kule kwenye umeme, miaka ya 1740 Benjamin Franklin aliamua tu upande huu tuuite chanya na huu hasi, hakuna aliyejua ndani kuna nini, na mwaka 1897 elektroni, ile chembe ndogo inayobeba umeme kwenye waya, ilipogunduliwa ikakutwa iko upande wa hasi, kwa hiyo mpaka leo wanafunzi wanachora mshale wa mkondo unaelekea kulia wakati elektroni zenyewe zinaenda kushoto.

Lakini linalonitisha kuliko yote ni "kali" na "dhaifu". Kwenye kemia, asidi kali ni ile ambayo ukiitia kwenye maji molekuli zake zinaachana na haidrojeni zao karibu zote. Asidi dhaifu ni ile ambayo nyingi zinabaki zimeshikana. Mwisho. Haihusu imekolea kiasi gani, unaweza kuzimua asidi kali mpaka isimdhuru mtu na bado jina lake ni asidi kali. Na haihusu hatari. Asidi ya haidrofloriki inahesabiwa dhaifu, iko kwenye orodha ya dhaifu, na hiyo dhaifu inakula kioo, ikikumwagikia inapenya ngozi inaenda kukamata kalsiamu ya mwili wako, na inaweza kuusimamisha moyo. Wakati mwingine haiumi hata mwanzoni, mtu anaona kidoa tu anaendelea na kazi. Mtu asiyejua akasoma "asidi dhaifu" kwenye kitabu atavaa glavu kweli?

Kinga ndo neno pekee ambalo nimelichunguza nikaridhika. Nyumbani kukinga kuna mawili: kukinga pigo, yaani kuweka ngao katikati, na kukinga maji, yaani kuweka chombo chini ili yasimwagike. Kinga ya mwili inafanya yote mawili, ngozi inazuia, na zile kingamwili zinadaka wavamizi zinawashikilia mpaka seli nyingine zije kuwameza. Sidhani kama aliyelichagua alifikiria upande wa pili, ila nampa maksi zote.

Fizikia nao, kusema kweli, walikuwa waangalifu kutuzidi. Walipohitaji neno kwa kile kitendo cha waya kuupinga umeme hawakwenda kwa kisigino, walichukua kukinza wakafanya ukinzani. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili hachanganyi waya na bakteria. Ningependa na bakteria wangepewa neno lao. Ila najua nimechelewa, "usugu wa dawa" limeshaenea, na neno likishaenea ni kama maji yaliyomwagika, hata ukikinga.

Sugu ya kidole changu, kwa taarifa yako, imeondoka. Siku hizi naandika kwa simu na kompyuta, kalamu naishika nikisaini tu, na ngozi taratibu ikalainika mpaka siku moja nikaitafuta sikuiona. Hapo napo nilitaka kufanya mlinganisho, nikasema kumbe tukiacha tu kutumia dawa bakteria nao watalainika. Wakati mwingine inatokea, kwa sababu usugu una gharama yake, bakteria anayebeba silaha anazaliana polepole kuliko mwenzake asiyebeba. Lakini wengine hupata badiliko la pili linalofuta ile gharama, wanabaki na silaha na mwendo wao wa zamani, na hapo hata dawa ikipumzishwa miaka hawana sababu ya kuiweka chini.

Jamaa yangu alimaliza dawa zake. Siku ya mwisho akaangalia kadi yake akakuta imeandikwa "amemaliza matibabu". Yule wa mwaka juzi angeikunja akaiweka mfukoni akaenda zake. Huyu wa sasa akarudi dirishani, akamuuliza nesi, "Samahani, mbona haijaandikwa amepona? Kwani kumaliza matibabu na kupona ni vitu viwili?" Nesi akamwangalia, akavuta kiti, akamwambia ndio, ni viwili, kupona mpaka vipimo vya makohozi vithibitishe kwamba bakteria hawaoneki, kumaliza ni kumaliza tu dawa, kaa chini nikueleze kwenye kadi yako ni kipimo gani kimekosekana.